Kusoma Ujasiriamali Chuo Kikuu: Nini Hasa Unakwenda Kujifunza

Kila mwaka wa masomo unapoanza, wazazi huja ofisini kwangu na swali moja: hivi kweli ujasiriamali unafundishwa darasani? Wanawajua wafanyabiashara hodari ambao hawakukanyaga chuo, na wanawajua wahitimu wa biashara waliokaa nyumbani na vyeti vyao. Ni swali la haki. Mtu anayewekeza ada na miaka ya ujana wa mwanawe anastahili jibu kamili.

Nianze na tafsiri ninayoipenda kuliko zote. Katika karne ya 18 mwanauchumi Richard Cantillon alimweleza mjasiriamali kuwa mtu anayenunua kwa bei anayoijua ili akauze kwa bei asiyoijua. Hakusema habari za kipaji wala ujasiri wa kuzaliwa nao. Alichokiona ni lile pengo kati ya gharama uliyokwisha kuilipa leo na mapato ambayo hakuna aliyekuahidi. Kuishi ndani ya pengo hilo bila kufilisika ni kazi, na kazi ina mbinu, na mbinu hufundishika.

Vyuo vikuu vilichelewa kulitambua hilo. Darasa linalotajwa mara nyingi kuwa la kwanza lilifunguliwa Harvard mwaka 1947 na Myles Mace, likiwa na wanafunzi 188. Kwa miaka mingi baada ya hapo mafunzo ya namna hii yalizunguka kwenye uhasibu, masoko na uandishi wa mpango wa biashara. Hayo yote yanahitajika, lakini hayatoshi. Nchini Togo watafiti waliwagawa wafanyabiashara wadogo 1,500 katika makundi matatu: kundi moja lilipewa mafunzo ya kawaida ya biashara, la pili likafundishwa kujituma, yaani kutafuta fursa kabla hazijaletwa, kujiwekea malengo na kutokukata tamaa kikwazo kikitokea, na la tatu halikufundishwa chochote. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Faida ya waliofundishwa kujituma ilipanda kwa takriban asilimia 30 ikilinganishwa na wasiofundishwa. Kwa waliopata mafunzo ya kawaida ongezeko lilikuwa kama asilimia 11, dogo kiasi kwamba watafiti hawakuweza kusema kwa uhakika kuwa limetokana na mafunzo. Kwa hiyo namna ya kufundisha ina uzito kuliko orodha ya masomo iliyobandikwa ukutani.

Nitoe mfano wa wanafunzi wanne wa mwaka wa pili niliowafundisha. Walikuja na wazo la kuwafulia wenzao nguo. Walikuwa wamewauliza wanafunzi 40, "Je, ungetumia huduma yetu?" na 36 walijibu ndiyo. Nyuso zao zilikuwa zinang'aa. Niliwarudisha mabwenini na daftari tupu na maswali mengine: mara ya mwisho ulifua lini, ulifulia wapi, ulimlipa nani, kiasi gani? Baada ya siku nne daftari lilirudi na habari tofauti kabisa. Karibu kila mtu alikuwa amefua mwenyewe, usiku, bila kulipa chochote. Wale 36 hawakuwa waongo. Walikuwa watu wenye adabu, na mtu mwenye adabu humtia moyo mwenzake anayemwonyesha wazo lake.

Ila ukurasa mmoja ulikuwa na kitu. Wanafunzi sita wa udaktari waliokuwa kwenye mazoezi hospitalini walikuwa wanalipa tayari, tena kila wiki, kwa sababu koti jeupe lenye doa haliruhusiwi wodini na wao hutoka zamu usiku. Pale ndipo biashara ilipoanza: makoti, si nguo zote, na yanarudishwa kabla ya alfajiri. Siku nne na daftari moja viliwaokoa na kununua mashine ambazo zingekaa bure.

Hilo ndilo somo ninalolithamini kuliko yote. Kabla ya kuweka fedha, unaandika ni jambo gani lazima liwe kweli ili wazo lako lisimame, kisha unalipima kwa njia ya bei nafuu kuliko zote uliyo nayo. Chuoni ukikosea unapoteza muhula na labda alama chache. Nje, kosa lile lile linaweza kula kiinua mgongo cha baba au kiwanja cha familia.

Vijana wale walikosea mara ya pili pia. Idara moja iliwapa kazi ya kufua makoti ya maabara, wakafurahi, wakakubali kulipwa baada ya siku 60 bila kukaa chini na kalamu. Sabuni ililipiwa taslimu, msaidizi alilipwa kila Ijumaa. Kufikia wiki ya sita vitabu vyao vilionyesha faida na mfuko haukuwa na hata hela ya sabuni. Nilikuwa nimefundisha mzunguko wa fedha kwa saa tatu ubaoni na naamini hakuna aliyeuelewa mpaka Ijumaa ile. Walienda kuomba malipo ya awali, wakapewa nusu, wakavuka.

Sasa, kwa anayesoma shahada ya kwanza, ushauri wangu ni kwamba usisome ujasiriamali peke yake kama una njia nyingine. Uambatanishe na ujuzi unaotengeneza kitu: kilimo, uhandisi, uuguzi, kompyuta, usanifu. Ujasiriamali hukufundisha kuliona tatizo na kulijaribu, lakini lazima uwe na kitu mkononi cha kulitatulia. Na usijihukumu kwa kuhitimu bila kampuni. Utafiti mkubwa uliofanywa Marekani kwa kutumia kumbukumbu za serikali ulikuta kwamba waanzilishi wa kampuni zilizokua kwa kasi kubwa zaidi walikuwa, kwa wastani, na umri wa miaka 45 walipoanza. Miaka ya kuajiriwa katika sekta unayotaka kuiingia ni sehemu ya masomo yako.

Kuna wanafunzi humaliza kozi yangu wakisema wazi kwamba biashara si njia yao. Hilo halinisikitishi. Utafiti mmoja wa Uholanzi, uliotoka mwaka 2010, uliona hamu ya wanafunzi ya kuwa wajasiriamali ikishuka baada ya kuendesha kampuni za mafunzo, na mtu anaweza kuutaja kama ushahidi kwamba programu ilifeli. Mimi nausoma kwa jicho jingine. Kijana aliyegundua akiwa na miaka 21 kwamba hawezi kulala akiwa na deni la watu amejifunza jambo ambalo wengine hulijua wakiwa wameshachelewa.

Kwa wa uzamili na uzamivu habari ni nyingine, na hapa nawasihi wasome taratibu. Ninyi mara nyingi mnakuja na matokeo ya utafiti, na swali la kwanza ni la umiliki, kabla hata ya soko. Larry Page na Sergey Brin walikuwa wanafunzi wa uzamivu Stanford walipobuni njia ya kupanga kurasa za intaneti iliyozaa Google. Hataza ya njia hiyo, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi, ilikuwa mali ya chuo. Wao walipewa leseni, chuo kikapata hisa, na kufikia mwaka 2005 kilikuwa kimeziuza kwa takriban dola milioni 336 za Marekani. Hakuna aliyedhulumiwa, kwa kuwa masharti yalijulikana mapema. Wanaoumia ni wale wanaosaini fomu za maabara bila kuzisoma.

Na kuna mtego mwingine. Ukiutangaza uvumbuzi wako kwenye mkutano wa kitaaluma au kwenye tasnifu iliyo wazi kabla ya kuomba hataza, katika nchi nyingi haki hiyo inaweza kupotea siku hiyo hiyo, kwa sababu kitu kilichokwisha kutangazwa hakihesabiwi tena kuwa kipya. Marekani hutoa mwaka mmoja wa kuvumilia, yaani bado unaweza kuomba hataza ndani ya mwaka baada ya kutangaza, lakini si kila nchi hutoa nafasi hiyo. Mwone afisa wa miliki bunifu wa chuo chako kabla ya kutuma ikisiri, yaani muhtasari wa kazi yako, hata kama msimamizi wako ana haraka.

Kabla ya kujisajili kokote, nenda idarani uombe kuona kazi za wanafunzi wa mwaka uliopita. Ukiletewa mipango ya biashara iliyojaladiwa vizuri, yenye grafu zinazopanda miaka mitano mfululizo, uliza ni wateja wangapi waliozungumza na aliyeiandika. Kisha omba uonyeshwe daftari.