Je, wajua? Mfereji mpya, mpana na msafi unaweza kuuzamisha mtaa wa chini

Nilipokuwa mratibu wa maji ya mvua katika manispaa moja ya pwani, hakuna swali nililoulizwa mara nyingi kama hili: mfereji umejengwa kwa zege, umepanuliwa, umezibuliwa wiki iliyopita tu, halafu mvua ya saa moja inanyesha na maji yanaingia ndani mpaka kwenye makochi. Imekuwaje?

Jibu nilikuwa nalo mdomoni: taka. Na kama si taka, basi mfereji bado mdogo, upanuliwe tena. Majibu yote mawili yana ukweli ndani yake, na ndiyo maana nilichelewa sana kujua kwamba nimekosea.

Tuanze na taka, kwa kuwa ndizo zinazolaumiwa na kila mtu, kuanzia kijiweni hadi kikao cha madiwani. Chukua karavati la kipenyo cha milimita 600 chini ya barabara ya mtaa, mwezi wa pili, kabla masika haijaanza. Vijana wa kuzibua wanaanza na kinachoonekana: chupa za maji, nepi, vifuu vya nazi, gunia la mkaa, kandambili (moja moja, sijawahi kukuta jozi). Zinajaa toroli tatu. Ukiinama kwenye mdomo wa karavati unaona giza tupu, unadhani pamesafishika. Ukiingiza ubao haufiki mbali. Mle ndani umelala mchanga, umeshindiliwa na maji ya misimu kadhaa hadi chepe likigonga linalia kama limegonga sakafu. Toroli tatu za taka zilikuwa kofia tu. Mwili wenyewe ni mchanga, na unaweza kupakia toroli kumi na zaidi kabla hujauona mwanga wa upande wa pili.

Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki kuanzia tarehe 1 Juni 2019, Kenya ilishatangulia Agosti 2017. Mitaro imependeza kidogo tangu hapo, hilo nalikubali. Lakini Barabara ya Morogoro pale Jangwani, Dar es Salaam, iliendelea kufungwa mvua kubwa zikinyesha, na Nairobi ya Aprili na Mei 2024 haikuzama kwa mifuko ya Rambo. Sisemi watu watupe taka mtaroni. Chupa zikikusanyika kwenye nondo za mdomo wa karavati zinaziba kweli, na hapo mtaa mmoja unaweza kufurika kwa sababu hiyo peke yake. Ila sehemu ya lawama inayoziangukia taka hutofautiana mfereji kwa mfereji. Ukimsikia mtu anatoa asilimia moja kwa jiji zima, muulize alipima mtaro gani.

Huo mchanga nao unatoka juu: kingo zinazomomonyoka, barabara za vumbi, viwanja vilivyofyekwa vikisubiri kujengwa. Maji yanayokimbia huubeba, na yakifika tambarare yakapunguza mwendo huuangusha. Shika neno hilo, mwendo, maana ndipo nilipokosea.

Mtaa mmoja wa juu ulikuwa na mtaro wa udongo wenye magugu na kona nyingi. Kila mvua, maji yalikuwa yakituama barabarani nusu siku. Tukafanya kile ambacho mratibu mpya yeyote angefanya: tukaunyoosha mtaro, tukaujengea zege, tukang'oa karavati la milimita 600 tukaweka la 900. Masika iliyofuata mtaa wa juu walitushukuru kwa moyo mmoja. Mtaa wa chini, ambako karavati lilibaki la 600, kulikuwa na mama lishe aliyekaa pale miaka karibu ishirini bila maji kuvuka kizingiti chake. Asubuhi hiyo alikuta masufuria yanaelea. Aliponiona akaniuliza, bila hata kupandisha sauti: "Mwanangu, mmetuletea maji ya nani?"

Kitaalamu, hakuna swali lililo sahihi kuliko hilo.

Karavati la 900 halipitishi maji mara moja na nusu ya yale ya 600. Kwa mteremko uleule, likijaa linapitisha karibu mara tatu. Na zege si udongo. Fomula inayotumiwa na wahandisi wa mifereji dunia nzima, ya Robert Manning wa Ireland, aliyeiwasilisha mwaka 1889, huupa kila mfereji namba ya ukwaru. Zege laini lina takriban 0.015, mtaro wa udongo wenye magugu una 0.03 hadi 0.05, na ukiachwa uwe kichaka unazidi. Umbo na mteremko vikiwa sawa, namba hiyo ikipungua mwendo wa maji unaongezeka kwa kiwango kilekile, kwa hiyo kuujengea zege mtaro wa magugu ni kuyaongezea maji kasi mara mbili hadi tatu. Yale magugu niliyoyafyeka kwa furaha yalikuwa yakifanya kazi, tena bila posho.

Fikiria harusi. Wageni 300, ukumbi mmoja, meza moja ya chakula yenye sehemu mbili za kupakulia. Ukiwa na mshereheshaji anayejua kazi yake, anaita meza za mbele, wakishakaa anaita zinazofuata. Watu wote 300 wanakula, foleni haizidi watu kumi, na hakuna anayemwagiwa mchuzi. Sasa mnyang'anye kipaza sauti, kisha mtu aseme "chakula tayari". Wageni ni walewale, pilau ni ileile, sehemu za kupakulia ni zilezile mbili. Kilichobadilika ni kwamba wamefika kwa pamoja. Na ukipanua mlango wa ukumbi ili watu waingie haraka, hujaisaidia foleni, umeikoleza.

Mtaa wa juu ulikuwa na mshereheshaji: ni zile kona, magugu, madimbwi barabarani na karavati jembamba. Mshereheshaji mbovu, asiye na adabu, aliyewakalisha watu kwenye maji nusu siku, lakini alikuwa akiita meza kwa zamu. Sisi tulimfukuza.

Kwa hesabu iko hivi. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Eneo la kilomita 1 ya mraba likipata milimita 20, hiyo ni mita za ujazo 20,000. Tuseme nusu yake inazama ardhini au kubaki kwenye majani, na 10,000 zinakwenda mtaroni. Zikitoka kwa saa tatu, mtaro unatakiwa kupitisha wastani wa ndoo 46 za lita 20 kila sekunde. Zikitoka kwa nusu saa, ni ndoo karibu 280 kila sekunde. Mvua haijaongezeka hata tone. Na hapa sijagusa ile nusu inayozama, ambayo hupungua kila uwanja unapowekwa pevingi na kila paa jipya linapopigwa bati.

Fikra kwamba maji ya mvua ni mgeni wa kufukuzwa haraka si ya kwetu peke yetu. Mto wa Los Angeles, Marekani, baada ya mafuriko ya 1938 ulivalishwa zege karibu urefu wake wote wa kilomita 82. Siku hizi wako wanaotaka baadhi ya zege hilo liondolewe.

Kwa hiyo kazi ya mratibu, niliyodhani ni kuyakimbiza maji, kwa sehemu kubwa ni kuyachelewesha. Unachimba bwawa la muda kwenye uwanja wa wazi, kavu siku zote isipokuwa siku ya mvua, lenye tundu dogo la kutokea. Unabishana na wajenzi kwenye vibali vya ujenzi waache sehemu ya kiwanja bila sakafu. Unahimiza matangi ya kukinga maji ya bati: paa la mita 100 za mraba, mvua ya milimita 50, ni lita 5,000, yaani simtanki moja kubwa inajaa. Ila hapa kuna kichekesho ambacho sijakipatia dawa. Mwenye nyumba anataka tangi lake lijae. Mimi nalitaka liwe tupu mvua inapoanza. Mvua ya kwanza tunaelewana. Mvua ya kesho yake tangi limejaa, na kwangu mimi ni pambo.

Kuzamisha maji ardhini kuna masharti yake pia. Mahali penye mchanga mkavu hufanya kazi vizuri ajabu. Penye mfinyanzi maji hukaa juu yakikutazama, na kwenye mitaa ya pwani ambako maji ya chini ya ardhi hayako mbali, na mashimo ya vyoo yako karibu zaidi, unaweza kuzuia mafuriko ukachafua visima. Na mabwawa haya madogo hufaa zaidi kwa mvua za kawaida, zile za kila msimu. Ikija mvua ya kutisha, yanajaa mapema na yaliyobaki yanapita juu kana kwamba hakuna aliyechimba.

Halafu kuna jambo lililonistaajabisha kuliko yote nilipolielewa: kuchelewesha maji mahali pasipofaa huongeza mafuriko. Rudi harusini. Walio karibu na meza ya chakula ndio wanaotakiwa kutangulia. Mshereheshaji akiwazuia hao hadi wa nyuma nao wafike, amewakutanisha wote mahali pamoja. Mto nao ni hivyo. Maji ya mtaa ulio jirani na mdomo wa mto heri yaondoke mapema, kabla ya yale ya milimani hayajashuka. Ukiyawekea bwawa la kuyashikilia saa mbili, huenda unayaachia wakati uleule yale ya milimani yanapita. Kanuni moja kwa bonde zima haipo. Inabidi ujue maji ya kila tawi hufika saa ngapi.

Mto Msimbazi ndio mfano ambao watu wa Dar es Salaam wanaujua kwa miguu yao. Unaanzia vilima vya Pugu, unatembea takriban kilomita 35, unapokea matawi kama Sinza na Ubungo, unaingia baharini pale Salenda. Ndiyo maana Jangwani jua linaweza kuwa linawaka huku mto unapanda: mvua ilinyesha Pugu, maji ndiyo kwanza yanafika. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwafanya watu wahamishiwe Mabwepande, na karakana ya mabasi ya mwendokasi iliyojengwa baadaye kwenye bonde hilohilo imezama mara kadhaa.

Na mwisho wa mto kuna mlango ambao mwenye ufunguo wake ni mwezi. Wavuvi hawahitaji kuelezwa: mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari huwa bamvua, yaani hujaa na kupwa kuliko siku nyingine, na kati ya maji kujaa na kupwa pwani ya Dar es Salaam kuna tofauti ya zaidi ya mita 3. Mvua kubwa ikishuka bahari imepwa, mto unapata mteremko wa kutokea. Ikishuka wakati wa bamvua imejaa, maji ya mto yanakuta bahari imesimama mlangoni. Nilipokuwa kazini nilibandika ratiba ya maji kujaa na kupwa ukutani pembeni ya kalenda ya ofisi. Mwenzangu mmoja alidhani nimeanza biashara ya dagaa.

Kule kwa mama lishe tulirudi na bwawa, juu ya mtaa wake, kwenye uwanja ambao vijana walikuwa wakichezea mpira (bado wanachezea, siku kavu). Tuliomba ridhaa kwenye mkutano wa mtaa, tukachimba, tukaweka bomba la kutolea maji la milimita 300. Siku ya kukabidhi, mzee mmoja alilizunguka shimo lote kwa mkongojo, akachungulia lile bomba, akaniita pembeni.

"Mhandisi, shimo kubwa namna hii, bomba dogo namna hii. Hela nyingine iko wapi?"

Nikamweleza kwamba bomba dogo ndilo tulilokuja kujenga, shimo ni mahali pa maji kusubiria zamu yao. Aliitikia kwa adabu sana. Sidhani kama aliniamini.