Kabla hujanunua tairi gumu, nionyeshe tyubu yako ya zamani

Mwalimu mmoja anayeendesha baiskeli kila siku kutoka Mbagala hadi Keko alinijia Alhamisi na pancha ya tatu tangu Jumatatu. Tairi lake la nyuma lilikuwa jipya kabisa, hata vile vinywele vya kiwandani havijaisha. "Fundi, hili nimelinunua Jumamosi. Matairi ya siku hizi ni karatasi tu."

Nikatoa tyubu, nikaijaza upepo. Ilikuwa na viraka viwili na tundu moja bichi, vyote vimesongamana sehemu moja, kama kiganja kimoja kutoka kwenye vali. Nikalipima tairi kwa umbali huohuo, nikapitisha kitambaa chepesi ndani yake taratibu, kikanasa. Ndani ya mpira kulikuwa na kipande cha waya, chembamba kama unywele mgumu, hakifiki nusu sentimita. Kilikuwemo tangu Jumatatu. Waliomziba mara mbili za kwanza walibandika kiraka, wakarudisha tyubu juu ya mwiba uleule.

Ninatengeneza baiskeli Temeke kwa mwaka wa 17 sasa, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Fundi, tairi gani halitoboki?" Huwa najibu kwa kuomba tyubu ya zamani. Usiitupe. Ile tyubu yenye viraka saba imeandika barabara yako yote, na ndiyo inayoamua pesa yako uiweke wapi.

Kwanza tazama tundu liko upande gani. Likiwa upande wa ndani, ule unaoelekea ringi, hakuna tairi duniani litakalokusaidia. Huko kinachotoboa ni kichwa cha spoki kilichochomoza, au utepe wa ringi uliosogea ukaacha tundu la spoki wazi. Piga msasa ncha za spoki, weka utepe mpya wa kitambaa, umemaliza. Nimewaona watu wakibadilisha matairi mawili kwa ajili ya utepe ambao ungeweza kukatwa kutoka kwenye tyubu mbovu.

Ukikuta matundu mawili madogo yamekaa sambamba, hapo tyubu ilibanwa kati ya ringi na ukingo wa shimo au jiwe. Huo ni upungufu wa upepo, au tairi jembamba mno kwa uzito wako na mzigo wako. Nalo tundu lililo kwenye shina la vali linatokana na tairi kuzunguka juu ya ringi kwa kukosa upepo wa kutosha, likiivuta tyubu hadi shina linachanika. Halizibiki hilo. Nunua tyubu.

Yanabaki matundu ya upande wa nje, na hapa ndipo tairi lina kazi. Mchano mfupi ulionyooka ni chupa. Tundu dogo la mviringo ni mwiba, msumari au waya. Kwa mtu wa Dar es Salaam anayepita Barabara ya Mandela, ushahidi wangu wa miaka yote unaelekeza kwenye waya. Malori yanayotoka bandarini yanapopasua matairi yake, nyuzi za chuma zilizomo hubaki barabarani, na magari huzisukumia pembeni, palepale baiskeli inapopita. Kwa ndugu zetu wa Dodoma na Singida adui ni mbigili, ile mimea inayotambaa ardhini yenye mbegu za pembe ngumu. Mbegu ikianguka vyovyote vile, pembe moja inatazama juu.

Kwa nini nasisitiza tofauti ya chupa na waya? Kwa sababu kinga zinazouzwa ndani ya matairi hazifanyi kazi moja.

Matairi mengi yenye maneno ya kinga ubavuni yana mkanda wa kitambaa kigumu chini ya kashata, ule uso wa tairi unaogusa barabara. Kevlar ndiyo maarufu zaidi, nyuzi zilizogunduliwa mwaka 1965 na mwanakemia Stephanie Kwolek katika kampuni ya DuPont ya Marekani. Wengine hutumia Vectran, wengine nailoni iliyofumwa kwa kubana. Mkanda wa namna hii ni mwepesi, haupunguzi mwendo sana, na dhidi ya chupa ni mzuri kweli, kwa kuwa chupa inabidi ikate nyuzi ndipo ipite. Lakini kitambaa ni kitambaa. Waya mwembamba haukati chochote. Unapenya kati ya uzi na uzi kama sindano inavyopita kwenye kanga, na kila gurudumu linapozunguka unasogezwa ndani kidogo. Ndiyo maana mtu ananunua tairi la Kevlar kwa bei kubwa, anapita Mandela, anarudi kwangu amenuna.

Dawa ya waya na mbigili ni umbali. Kinachotakiwa ni kitu kinene kati ya barabara na tyubu, kiasi kwamba mwiba unaisha urefu kabla haujafika. Kampuni ya Schwalbe ya Ujerumani wameifanya vizuri kwenye tairi lao la Marathon Plus: chini ya kashata kuna tabaka la mpira laini lenye unene wa milimita 5. Pini ya ubao wa matangazo ikizama hadi kichwani, ncha yake inabaki ndani ya tabaka hilo. Nimeyafungua matairi haya yaliyokwisha kabisa, nikachomoa humo vipande vya chupa na nyuzi za chuma ambazo mwenyewe hakuwahi kujua kuwa anatembea nazo.

Umbali huo una gharama yake. Tairi moja la aina hiyo lina uzito wa karibu kilo 1, na kwenye kilima au ukiondoka kwenye taa utausikia mguuni. Kwa mtu anayekwenda kazini kilomita 10 na anatakiwa awe darasani saa moja na nusu, mimi nasema uzito huo ubebwe. Kwa kijana anayeshindana Jumapili, simshauri.

Usidanganywe na kashata kubwa. Meno marefu kama ya trekta yanaonekana yana kinga, ila katikati ya meno na meno mpira ni mwembamba, na waya hupita hapohapo. Kwenye lami chagua uso uliojaa, wenye mifereji midogo. Wengine huniambia wanaogopa kuteleza kwenye maji. Tairi la baiskeli ni jembamba na limejaa upepo, maji yanakimbia pembeni yenyewe bila kusubiri mifereji. Kinacholeta shida wakati wa masika ni kingine: mpira uliolowa hukatika kirahisi zaidi na chupa, na mafuriko hukusanya takataka za barabara nzima kwenye ukingo. Kagua matairi mara mbili zaidi mvua zikianza.

Kuna namba nyingine watu huipenda, idadi ya nyuzi kwa kila inchi. Muuzaji atakwambia nyingi ni bora. Nyuzi nyingi maana yake ni nyuzi nyembamba, tairi linakuwa laini na jepesi, na ubavu unachanika upesi. Kwa kazi ya kila siku mimi naridhika na 67 au pungufu.

Sasa suala la saizi, ambalo limewapotezea watu wengi nauli ya kwenda Kariakoo na kurudi. Neno "28" halitoshi. Baiskeli nyeusi za mizigo, zile za 28 x 1 1/2, ringi yake ina kipenyo cha milimita 635. Baiskeli nyingi za mtumba kutoka Ulaya nazo huitwa 28, lakini ringi ni 622. Tofauti ni milimita 13 tu, macho hayaioni. Tairi la 622 haliingii kwenye ringi ya 635 hata ukilivuta kwa shoka, na la 635 kwenye ringi ya 622 litaingia kwa raha, kisha litaruka nje ukiwa mwendoni. Baiskeli za Uholanzi ndizo zinazochanganya zaidi, kwa sababu mbili zinazofanana kama pacha zinaweza kuwa na ringi tofauti. Soma namba mbili zilizogawanywa na kistari ubavuni mwa tairi lako la sasa: 40-635, 37-622, 47-559. Ya kwanza ni upana, ya pili ni kipenyo cha ringi. Hiyo ya pili haijadiliwi. Ya kwanza unaweza kuiongeza kidogo ikiwa fremu na madigadi vina nafasi, na kwa barabara zetu nashauri uiongeze.

Wenye 635 wanajua kwamba matairi ya kinga nene kwa saizi yao ni machache. Kwao, na kwa yeyote ambaye mfuko haujaruhusu, kuna njia ya mafundi wa zamani ninayoiheshimu sana: bitana. Unachukua tairi jembamba lililokwisha, unakata kingo zenye waya, unabaki na mkanda wa uso wake, unaulaza ndani ya tairi zuri, kisha tyubu juu yake. Inafanya kazi. Wanaoilaumu ni kwa sababu walifungiwa ovyo: kingo za bitana zikiachwa zimekatwa wima, zinaisaga tyubu hadi inatoboka bila mwiba wowote. Kingo zichongwe zipungue taratibu hadi ziwe kama karatasi, ncha mbili zipishane sentimita chache na zichongwe vilevile, halafu pakaa poda ya mtoto pande zote. Dakika 40 za fundi makini.

Ile dawa ya majimaji inayomiminwa ndani ya tyubu nayo husaidia kwenye matundu ya sindano. Kwa mchano wa chupa haiwezi, itakulowesha suruali. Inakauka pia, hasa kwa joto letu, kwa hiyo inahitaji kuongezwa kila baada ya miezi kadhaa. Matairi yasiyojazwa upepo kabisa siyapendekezi kwa anayebeba mzigo kwenye barabara ya mashimo. Kile kishindo ambacho upepo ungekimeza kinaishia kwenye spoki na mgongoni mwako.

Kama pesa inatosha tairi moja tu la kinga, lifunge nyuma. Nyuma ndiko kwenye uzito mkubwa, na kuna jambo lingine: msumari uliolala chali gurudumu la mbele huusimamisha, na la nyuma linakuja kuukanyaga. Ila la mbele lisiwe kipara. Likipasuka la mbele unaanguka.

Mtumba nao una neema yake. Baiskeli za Ujerumani na Uholanzi wakati mwingine huja zimevaa Marathon zilizotumika kidogo, na muuzaji hajui alichonacho. Kunja ubavu wa tairi kwa vidole viwili mahali penye mwanga. Ukiona nyufa nyingi ndogo kama udongo wa bwawa lililokauka, liache, hata kama kashata ni nzima. Jua limeshalila.

Baada ya kununua, kazi inayobaki ni upepo. Mtu wa kilo 75 kwenye tairi la milimita 37 hadi 40, mimi humpa psi (kipimo cha upepo kwenye geji) 60 nyuma na 50 mbele, nikiangalia kwanza kiwango kilichoandikwa ubavuni. Angalia kila wiki, na utumie pampu yenye geji. Zamani nilikuwa nafundisha kubonyeza kwa kidole gumba. Kwa tairi la kinga nene kidole kinadanganya: ubavu ni mgumu wenyewe, utadhani umejaa kumbe upepo umeshuka nusu. Na kabla ya kusema una pancha, tema mate kidogo kwenye vali. Zile vali za zamani zenye mpira mdogo wa kuvalisha, mpira huo huoza kwa joto na kuvujisha polepole usiku kucha. Likitokea povu, badilisha kampira hako, usiguse tairi.

Matairi haya ni magumu kufunga. Lianike juani nusu saa lilainike. Anza upande ulio mkabala na vali na umalizie kwenye vali, huku ukisukuma kingo ziingie kwenye bonde la katikati ya ringi, hapo ndipo unapopata nafasi ya sentimita moja ya mwisho. Tafadhali usitumie kijiko. Vijiko vimetoboa tyubu mpya nyingi mikononi mwa mafundi wenye haraka, na mteja hulaumu kiwanda. Na wakati wa kufunga, weka maandishi ya tairi yatazamane na vali, kila mara, magurudumu yote mawili. Siku tyubu ikitoboka utapima umbali kutoka kwenye vali hadi kwenye tundu, utapima umbali uleule kutoka kwenye maandishi, pande zote mbili, na utaukuta waya umekaa unakusubiri.

Yule mwalimu nilimchomolea waya kwa koleo ndogo ya kukatia kucha, nikamwekea bitana ya tairi lake kuukuu, nikamrudishia tairi lilelile alilotaka kulitupa. Tyubu yake yenye viraka vitatu ameining'iniza ukutani nyumbani kwake. Anaandika tarehe kwa kalamu ya wino pembeni ya kila kiraka.