Mwanga wa kutafakari na mtego wa "nimefika"

Katika vipasana, yaani tafakuri ya Kibudha ya kuona mambo yalivyo, majivuno humvizia mwenye bidii, tena siku ileile mazoezi yanapoanza kuzaa. Mvivu hana la kujivunia.

Buddhaghosa, mtawa wa Kibudha wa karne ya 5 aliyeandika kitabu cha Visuddhimagga huko Sri Lanka, anataja mambo 10 yanayozuka mtu anapoanza kuona waziwazi jinsi kila hisia inavyoibuka na kutoweka. Ni mwanga, ujuzi mkali, furaha ya kusisimua mwili, utulivu, raha, imani, juhudi, uzingativu na usawa wa moyo. La 10 ni kuyapenda hayo 9, na sumu imo humo. Hayo mengine hayana ubaya wowote, ila ndimo uchafu wa moyo unamopata pa kukaa.

Tazama mwanga. Umefumba macho, weupe unajaa. Ukisema "mwanga umenizukia mimi", umeshikwa na mtazamo wa nafsi. Ukijisikia "mwanga wangu mzuri kweli!", umeshikwa na majivuno. Ukitamani urudi kesho, hiyo ni tamaa. Mitego 3 kwa kila jambo, mara 10, ni mitego 30.

Mahasi Sayadaw, mwalimu wa vipasana wa Burma, alifundisha kuutaja mwanga huo kimoyomoyo tu: "kuona, kuona", hadi upite. Ukigoma kupita, usibishane nao. Rudi kwenye tumbo linavyopanda na kushuka unapopumua. Wengi hukosea hapa: wanaacha kutaja ili waendelee kutazama, na kikao kizima kinakuwa sinema.

Majivuno, yaani mana kwa Kipali, lugha ya maandiko ya Kibudha, yana sura 3: nimewazidi, niko sawa nao, niko chini yao. Hiyo ya tatu huwapita wengi kwa kuwa inafanana na unyenyekevu. "Mimi si kitu" bado ni hesabu ya mimi.

Visuddhimagga ina kisa cha mzee Mahanaga, aliyejiona arahanti, yaani mtu aliyemaliza uchafu wote wa moyo, kwa miaka 60. Mwanafunzi wake Dhammadinna hakubishana naye. Alimwomba aumbe tembo kwa nguvu za akili, masikio yamesimama, mkonga mdomoni, anakuja mbio huku akipiga kelele. Tembo alipomjia, mzee aliinuka akimbie. Dhammadinna akamshika upindo wa joho: "Mwalimu, aliyemaliza uchafu wote bado ana woga?" Mzee akachuchumaa miguuni pa mwanafunzi wake, akaomba msaada.