Durgabai Deshmukh, wakili wa wanawake katika Bunge la Katiba la India

Mwaka 1923, chama cha Congress, kilichopigania uhuru wa India kutoka kwa Waingereza, kilipofanya mkutano wake mjini Kakinada, binti wa miaka 14 alipangiwa kusimama mlangoni mwa maonyesho ya khadi, vitambaa vilivyosokotwa na kufumwa kwa mikono, ili asiingie mtu bila tiketi. Alipofika mikono mitupu Jawaharlal Nehru, kiongozi wa Congress aliyekuja kuwa waziri mkuu wa kwanza wa India, alimzuia, na hakumwachia njia mpaka waandaaji walipomnunulia tiketi. Binti huyo, Durgabai, alikuwa ameozwa akiwa na miaka minane. Baadaye alijitoa katika ndoa hiyo.

Mapambano ya chumvi ya mwaka 1930, ya kupinga sheria za Waingereza kuhusu chumvi, yalimfikisha gerezani, na kwa maoni yangu huko ndiko kazi yake yote ilikoanzia. Alifungwa pamoja na wanawake wasiojua kusoma wala kuandika, ambao baadhi yao waliadhibiwa kwa makosa wasiyoyatenda, kwa kuwa hawakuweza kujieleza wala kumpata wa kuwatetea. Ndipo alipoazimia kusomea sheria, akawa wakili mjini Madras. Hata hivyo hakungoja mpaka awe wakili: mwaka 1937 aliasisi Andhra Mahila Sabha, jumuiya iliyowaandaa kwa mitihani wanawake waliokosa shule, kisha ikajenga mabweni, shule na hospitali.

Alipoingia mwaka 1946 katika Bunge la Katiba, lililoandika Katiba ya India, alikuwa mwanamke pekee katika jopo la wenyeviti wake. Alitetea haki ya wanawake ya kurithi mali, na akapendekeza umri wa chini wa kuingia katika baraza la juu la Bunge upunguzwe kutoka miaka 35 hadi 30, kiwango ambacho Katiba inakitumia hadi leo.

Uchaguzi wa mwaka 1952 ulimwangusha, lakini Nehru alimteua katika Tume ya Mipango. Mwaka uliofuata akawa mwenyekiti wa kwanza wa Bodi Kuu ya Ustawi wa Jamii, iliyopeleka fedha za serikali kwa vikundi vya kujitolea vilivyohudumia wanawake, watoto na walemavu, vikiwemo vya vijijini. Tunaoshughulika na elimu ya watu wazima tunaithamini hasa mipango ya masomo ya muda mfupi iliyosimamiwa na Bodi hiyo, kwa sababu ilimruhusu mama mwenye watoto kumaliza shule.

Mwaka 1953 alizuru China, akaona jinsi mashauri ya ndoa na matunzo yalivyosikilizwa katika mahakama maalumu, na aliporejea akaanza kuzidai mahakama za familia kwa Nehru na kwa majaji. Alifariki mwaka 1981. Sheria ya kuzianzisha ilipitishwa mwaka 1984.