Morfini na mgonjwa aliye katika siku zake za mwisho

Malalamiko yanayotufikia katika kitengo cha tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mateso mgonjwa asiyetarajiwa kupona, hufanana: "Muuguzi alimpa ile dawa, usiku huohuo akafariki." Uchungu wa ndugu tunauelewa. Lakini mgonjwa huyo alikuwa akielekea kufariki kabla ya dozi hiyo. Dawa yenyewe ni morfini, dawa kali ya kutuliza maumivu: inayotolewa kwa kipimo sahihi na kuongezwa taratibu humpunguzia maumivu, wala haimharakishii kifo. Na hapana, mwenye saratani anayemeza morfini kwa ajili ya maumivu hageuki teja.

Anayepima maumivu hayo, usiku na mchana, ni muuguzi. Ndiyo maana Uganda ilibadilisha sheria mwaka 2004 ili wauguzi waliosomea tiba shufaa waweze kuandika morfini wenyewe. Kwingi bado daktari ndiye huandika.

Morfini ya maji hunywewa kila baada ya saa 4, maumivu yawepo yasiwepo. Kusubiri mpaka mgonjwa alie ndiko kunakohitaji dozi kubwa zaidi. Karibu kila mtumiaji hufunga choo, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo huanzwa pamoja nayo.

Wodini dawa hii hukaa kwenye kabati la kufuli, na kila dozi huingia kwenye rejista: jina la mgonjwa, kiasi, saa, salio na sahihi, ambazo mara nyingi huwa mbili. Salio lisipolingana, muuguzi huandika maelezo kabla ya kukabidhi zamu. Chupa iliyobaki nyumbani baada ya msiba irudishwe famasi. Kumgawia jirani, hata kwa huruma, ni kosa la jinai katika nchi nyingi, kwani morfini inadhibitiwa chini ya mkataba wa kimataifa wa mwaka 1961. Tunalirudia hili kila mara, na kila mara chupa hazirudi.

Jambo jingine ni chakula. Mwili unaofikia mwisho hauhitaji tena kula, na kumlazimisha mgonjwa kunaweza kumpalia. Muuguzi akikataa kuweka mpira wa kulishia, si kwamba amemtelekeza: atamlowesha midomo, atamgeuza asipate vidonda vya kulalia, na pumzi ikianza kukoroma atamlaza ubavu. Mkoromo huo huwatisha walio kando ya kitanda kuliko unavyomsumbua mgonjwa, ambaye kwa kawaida hana fahamu wakati huo. Ndugu wanaweza kuendelea kuzungumza naye, maana huenda bado anasikia.