Plein Soleil: sahihi ya kughushi iliyofanyiwa kazi

Filamu nyingi kuhusu watu wanaoiba majina ya wenzao hunichosha pale mhusika anapokaa mezani kughushi sahihi. Anaitazama mara moja, anaandika, basi. Kwa sisi ambao kazi yetu ni kuchunguza miandiko na nyaraka zenye mgogoro, huo ni uongo mtupu. Ndiyo maana naipenda sana Plein Soleil, filamu ya Kifaransa ya mwaka 1960 aliyoiongoza René Clément kutokana na riwaya ya Patricia Highsmith.

Alain Delon ni Tom Ripley, kijana asiye na kitu anayemganda tajiri Philippe Greenleaf (Maurice Ronet) huko Italia. Anamuua mchana kweupe, baharini, kisha anaanza kuishi kwa jina lake. Sijakuharibia utamu: baada ya hapo filamu bado ni ndefu, na mwisho wake sitaugusa.

Tazama anavyojifunza sahihi ya Philippe. Anaikuza ukutani kwa projekta, halafu anaifuata kwa mkono, tena na tena. Clément amepatia kabisa, kwa sababu sahihi huwa mwendo wa mkono kabla ya kuwa alama kwenye karatasi. Mtu akiifuatisha polepole sahihi halisi iliyo chini ya karatasi yake, umbo litafanana lakini wino utamsema. Mstari hutetemeka. Kalamu hunyanyuliwa mahali ambapo mwenye sahihi hanyanyui, mkazo huwa uleule mwanzo hadi mwisho, na ncha za mistari huwa butu. Tena, sahihi mbili zinazolingana kabisa ukizipandisha moja juu ya nyingine hututia shaka kuliko zile zinazotofautiana kidogo, maana hakuna anayesaini sawasawa mara mbili. Ripley anatafuta mwendo umwingie mwilini. Ninalolidai ni moja tu: mkono uliozoea ukubwa wa ukutani hauna budi kujifunza upya kwenye karatasi ndogo ya benki, ambako vidole ndivyo vinavyofanya kazi. Filamu inalipita hilo haraka.

Kwenye pasipoti anabandika picha yake mahali pa picha ya marehemu. Wakati ule picha ilikuwa kipande cha karatasi kilichogandishwa kwa gundi na kugongwa muhuri. Siku hizi huchapwa kwenye ukurasa wenyewe, na pasipoti nyingi zina chipu.

Lakini mazoezi yake yalianza kabla ya damu kumwagika. Kuna tukio ambapo Ripley amevaa nguo za Philippe, anajitazama kwenye kioo na kuongea kama yeye, mpaka Philippe mwenyewe anamfumania. Ni mbinu ileile ya sahihi, ila hapa anaiga mwili na sauti. Mpigapicha Henri Decaë hafichi chochote gizani. Jua la Italia linawaka, rangi zinang'aa, nawe unauona udanganyifu ukifanyiwa kazi mbele ya macho yako. Huo umaridadi wa mavazi na mashua una kazi yake pia, kwani ndio anaoutamani.

Karani wa benki hulinganisha sahihi na sahihi ya mfano, na hapo Ripley anapita. Freddy, rafiki wa Philippe, hahitaji karatasi yoyote. Anabisha hodi tu akimtafuta mwenzake, na anayemfungulia mlango ni Ripley.