Palipo na kipimo pana mkemia: kazi zinazowangoja wanaosoma kemia na biokemia

Kila mwaka maabara yetu hupokea wanafunzi wa mwaka wa tatu wanaokuja kwa mafunzo ya kazini, ile wanayoiita atachimenti. Wanatoka vyuo vikuu vya Chiromo, Juja na Kahawa. Siku za kwanza huwa kimya, wanaosha chupa na kuandika majina ya sampuli. Ikifika Ijumaa, tukinywa chai, mmoja hujikaza akauliza kwa niaba ya wenzake: tukiondoa ualimu, kemia hii itatufikisha wapi?

Si swali la kipuuzi. Wakili ana ofisi yenye kibao mlangoni, daktari ana hospitali. Zunguka katikati ya jiji la Nairobi mchana kutwa, mkemia hutamwona kwenye kibao chochote. Utaona "kemisti" nyingi, na humo ndani atakayekuhudumia ni mtu wa famasia.

Mimi huwaambia waache kutafuta cheo, watafute sheria. Popote sheria inaposema kitu fulani kisizidi kiasi fulani, lazima apatikane mtu wa kukipima na kutia sahihi yake chini ya jibu. Mtu huyo mara nyingi alisomea mnachosomea ninyi.

Chukua unga wa ugali. Mwaka 2004, mahindi yenye aflatoksini, ile sumu ya kuvu, yaliwafanya watu 317 waugue, hasa Makueni na Kitui, na 125 kati yao wakafa. Kiwango kinachoruhusiwa kwenye mahindi ni mikrogramu 10 kwa kila kilo, yaani gramu moja tu ya sumu ndani ya tani 100 za nafaka, shehena ya malori matatu au manne makubwa. Jicho haliioni na ulimi hauionji. Sasa hesabu walioajiriwa kwa ajili ya nambari hiyo moja. Kuna anayepima mahindi langoni mwa kiwanda kabla lori halijashusha. Kuna maabara ya Shirika la Viwango, KEBS, pale South C. Kuna anayeuza vifaa vya kupimia, na fundi anayeitwa usiku mashine ya kromatografia, ile inayotenganisha kemikali, ikigoma. Yuko pia mkaguzi wa shirika la ithibati, KENAS, anayekuja kuhakikisha kwamba maabara yenyewe inafuata ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha maabara za upimaji, kwa maana hata mpimaji hupimwa.

Ukishaizoea hesabu hiyo, utaifanya kila mahali. Maji ya bomba ya Nairobi mengi husafishwa Ng'ethu, na hapo shabu, klorini na uchachu wa maji vinahitaji mtu macho usiku na mchana. Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya ulipozidisha ukaguzi wa mishiri na njegere kutoka Kenya kwa sababu ya mabaki ya dawa za kuua wadudu, wauzaji wa nje walijua thamani ya mkemia wa KEPHIS, shirika la serikali la kukagua mimea na mazao, kuliko walivyowahi kuijua. Rangi, sabuni, mafuta ya kupikia, vidonge vinavyotengenezwa eneo la viwanda, Industrial Area: hadithi ni ile ile.

Kazi inayowavutia vijana zaidi, sijui ni kwa sababu ya filamu, ni ya Mkemia wa Serikali. Ofisi hiyo hupima sumu kwenye miili ya marehemu, vinasaba katika kesi za uzazi na ubakaji, na pombe haramu zinazoua. Methanoli, kileo chenye sumu kinachopatikana kwenye pombe hizo, ikiingia mwilini, ini huigeuza kuwa formaldehidi, kisha asidi ya fomiki, na asidi hiyo ndiyo inayopofusha macho. Kuitambua kwa mashine si kazi kubwa. Kazi iko mahakamani. Wakili wa mshtakiwa hatakuuliza fomula ya methanoli. Atakuuliza nani alikuwa na ufunguo wa jokofu kati ya Ijumaa jioni na Jumatatu asubuhi, nani alivunja lakiri, na kwa nini nambari iliyo kwenye ukurasa wa 14 imefutwa. Ukikosa jibu, kipimo chako kizuri kimekwenda na maji. Ndiyo maana siku zote nasema stadi ya kwanza ya mkemia ni kuandika kumbukumbu, na vyuo vyetu vinaifundisha kwa haraka mno.

Wa biokemia nina neno la kuwaambia ana kwa ana, hata kama litawaudhi. Wengi wenu mliichagua kozi hii mkidhani ni njia ya kuingia maabara ya hospitali. Kumpima mgonjwa damu nchini Kenya ni taaluma yenye sheria yake ya mwaka 1999 na bodi yake, na lazima usajiliwe. Shahada ya biokemia pekee si cheti cha maabara za tiba. Ulizeni bodi mapema, mwaka wa kwanza, si siku ya kuvaa joho.

Hilo lisiwakatishe tamaa, kwani Nairobi ina nafasi ambazo miji mingi ya Afrika haina. KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, iko Mbagathi; ILRI, ya utafiti wa mifugo, iko Kabete; na ICIPE, ya utafiti wa wadudu, iliyoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, iko Kasarani. Huko ICIPE watafiti waliona kwamba mbung'o, nzi anayewaambukiza ng'ombe ugonjwa, humkwepa kuro, yule swala mwenye duara jeupe matakoni. Wakakusanya harufu yake, wakaitenganisha kemikali moja moja, wakapata zinazomfukuza mdudu, kisha wakazitia kwenye kola inayovishwa ng'ombe shingoni. Ng'ombe anayelishwa Kwale ananukia kuro! Utafiti wa namna hiyo hudai shahada ya uzamili, mara nyingi na uzamifu, na mikataba yake hufuata ufadhili. Ukiisha, na kazi huisha.

Kuna milango mingine ya kando. KIPI, taasisi ya kulinda uvumbuzi iliyo huko huko South C, huhitaji watu wa kuchunguza maombi ya hataza, yaani haki za wavumbuzi, za dawa na kemikali. Kampuni za vifaa vya maabara hutafuta wauzaji wanaojua wanachouza, na wengine hulipwa vizuri kuwashinda wanaopima. Ualimu nao msiubeze, ila TSC, tume inayosajili walimu, itadai mafunzo ya ualimu juu ya shahada yako ya sayansi.

Mshahara wa kuanzia kiwandani ni mdogo na zamu za usiku ni nyingi. Anayevuka haraka ni yule aliyejifunza mashine moja mpaka akaweza kuitengeneza, na anayeweza kueleza kwa nini jibu lake la leo limetofautiana na la jana. Mkija kwetu, ombeni mfundishwe hilo badala ya kubonyeza kitufe tu. Njooni na daftari lililoshonwa, lenye kurasa zilizotiwa nambari, na kalamu ya wino. Penseli iacheni nyumbani.